Mamba wa Ruvu Hawajaisha

Pangani, Kibaha
Alhamisi, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mlandizi kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu shangazi yako hamruhusu mtu aondoke kwake bila kula. Basi nimepata muda. Begi lako liko hapa mbele yangu, limevimba, na nimelifungua. Usikasirike. Nimelifungua ili niweke barua hii na kitu kingine utakachokikuta ndani ya kiatu chako cheusi cha kulia. Usikimbilie kiatu. Soma kwanza.

Habari za chandarua, kula kwa wakati na kuchagua marafiki sitakuandikia. Shangazi yako anakuambia hayo dakika hii, tena anayasema vizuri kuliko mimi. Isitoshe, una miaka ishirini na unakwenda kusomea uuguzi. Muda si mrefu wewe ndiye utakayekuwa unanifokea mimi habari za chandarua. Ninachotaka ni kukujibu swali lako.

Uliniuliza Jumapili. Mimi na mume wangu Kondo tulikuwa tumetoka Ruvu. Nimefunga kanga kiunoni, tope hadi magotini, nimebeba ndoo yenye kambale wawili, nacheka kama mwendawazimu. Wewe ulikuwa uani unaanika nguo. Ukanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, halafu ukasema taratibu kabisa, "Kumbe mamba wameisha, mama?"

Kondo alidhani ni utani. Akajibu, "Wapo, binti, tena wakubwa." Wewe ukaingia ndani.

Tangu siku hiyo mimi na wewe tunazungumza habari za tiketi, masufuria na vyeti tu. Kesho asubuhi unapanda basi la Songea. Safari ni ndefu, na mtu akikaa dirishani siku nzima na swali moja, anafika ameshajijibu mwenyewe. Sitaki ujijibu mwenyewe. Jibu ninalo mimi, nimekaa nalo miaka kumi na moja.

Unazikumbuka Jumapili za baba yako. Nina hakika unazikumbuka kuliko mimi, maana mimi sikuwepo. Siku sita alikuwa kiwandani Zegereni, masikio yanamlia kwa mashine, na siku ya saba alitaka mahali ambapo hakuna kitu kinachopiga kelele. Ufito wake wa mwanzi anaufunga kwenye baiskeli, kopo la minyoo linaning'inia kwenye usukani, wewe nyuma kwenye keria na ndala zako nyekundu. Mnakwenda si mtoni penyewe, ila kwenye yale mabwawa ya pembeni ambayo mto huyajaza wakati wa masika na kisha huyaacha, pale ambapo kila bwawa limebaki na kamfereji kake kembamba ka kurudia mtoni. Ulikuwa ukirudi unanieleza, hata kabla hujanawa mikono: "Mama, perege mkubwa hakai katikati. Anakaa mlangoni, pale mfereji unapoingia, anasubiri maji yamletee chakula." Nilikuwa nasema, "Ehe, nawa mikono."

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hukulisikia, kwa sababu ulikuwa umeshapanda keria na unampigia kengele. Kila Jumapili, baba yako akiwa ameshika usukani pale mlangoni, aliniambia, "Mama Zuhura, leo twende wote."

Nami nikasema, "Nina nguo za kufua."

"Nguo zitasubiri."

"Hazisubiri. Sare ya mtoto ya kesho nani atafua?"

Akacheka, akaondoka. Jumapili iliyofuata akaniambia tena. Hakuwahi kuchoka kuniambia, na mimi sikuwahi kwenda. Hata mara moja, Zuhura. Sikuwa na chuki na mto. Nilidhani Jumapili zipo tu, kama maji ya bombani, ukifungua yatatoka.

Kisha akaugua wiki mbili, akafariki.

Nilikuwa bado nimekaa eda. Asubuhi moja ulikuja chumbani, umeshika ufito wa baba yako ambao ulikuwa mrefu mara mbili yako, na kopo la minyoo uliyochimba mwenyewe nyuma ya jiko. Ukasimama mbele yangu ukasema, "Mama, leo Jumapili."

Nikakuambia, "Mtoni kuna mamba. Hakuna kwenda tena."

Mamba walianzia hapo. Si kwamba hawakuwepo. Walikuwepo hata siku za baba yako, ndiyo maana alikuwa anakukalisha nyuma ya ule mti ulioanguka, mbali na ukingo, na anapiga maji kwa fimbo kabla ya kusogea. Baba yako hakuwa mzembe, na wewe ulilijua hilo. Ulinitazama kama mtu aliyedanganywa, ukaenda kuimwaga minyoo yako kwenye migomba.

Ukweli ni huu, na nimeufuta mara tatu kabla ya kuuandika. Nilikuonea wivu. Mtoto wa miaka tisa, mwanangu wa kumzaa, nilimwonea wivu. Wewe ulikuwa na mahali pa kumkuta. Ungekwenda pale kwenye mfereji, ungekaa nyuma ya mti, na angekuwepo. Mimi nilikuwa na beseni la nguo. Niliogopa kwamba utarudi jioni unacheka, na mimi nitakuwa nimebaki mjane peke yangu ndani ya nyumba hii.

Eda ilipokwisha niliufunga ule ufito ndani ya shuka, nikaupeleka Kisarawe kwa bibi yako, akauchomeka juu kwenye paa. Uliponiuliza uko wapi, nikasema umeibiwa. Uongo wangu ungeweza kuishia hapo, lakini wewe hukuwa mtoto wa kukubali kuibiwa. Ulianza upelelezi. Uliingia uani kwa jirani yetu Mama Jeni, ukapekua banda la kuku, ukawaambia wanawe mbele ya watu kwamba wao ni wezi. Mama Jeni akaja kushtaki. Na mimi nikakushika mkono, nikakupeleka kwake ukaombe radhi. Ulipiga magoti. Ulikuwa unalia, unasema, "Lakini mama, kama si wao, ni nani?"

Nilisimama nyuma yako nimekushika bega, najua ni nani.

Juzi nilikwenda kwa Mama Jeni nikamweleza. Alicheka kwanza, akaniita kwa jina langu, "Tatu, miaka yote hiyo!" Halafu akaacha kuchambua mchele. Akasema, "Yule mtoto alinipigia magoti, Tatu." Nimekuandikia ujue kwamba Mama Jeni sasa anajua hukukosea kuuliza. Ulikosea nyumba tu.

Hebu nipumue kidogo. Kondo amenichungulia dirishani sasa hivi, ameuliza kama nataka chai ya tangawizi. Nimemwambia ndiyo. Ameuliza kama bi harusi anaandika mashairi. Miezi mitatu tangu tufunge ndoa bado ananiita bi harusi, mbele ya wateja wa duka langu, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na minne nainama kutafuta kitu chini ya kaunta ambacho hakipo. Najua unageuza macho hapo. Geuza tu. Naomba unipe ukurasa mmoja wa kumsema huyu mtu, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuzungumza habari zake, na nisipozisema nitapasuka.

Ulikuwa bweni alipoanza kuja dukani. Anashuka kwenye baiskeli yenye tenga la samaki, ananunua kipande cha sabuni ya mche. Kesho kutwa tena, kipande. Wiki nzima hivyo hivyo, mwezi mzima. Anakinusa kwanza, kisha anauliza, "Huna yenye harufu kali zaidi ya hii?" Nikamwona mwanamume msafi kuliko wote Kibaha. Lakini shati lake lilikuwa na tope lilelile la juzi.

Nikamwambia, "Mkeo anafua sana."

"Sina mke."

"Basi unafua mwenyewe?"

"Si sana."

"Sabuni yote hii unaipeleka wapi?"

Akacheka tu. Na alikuwa na kicheko kizuri, Zuhura, Mungu anisamehe, kicheko kinachoanzia tumboni. Nikajiambia, Tatu, huyu ana mke, ana watoto sita na nguo zao, na anakuja hapa kukuchekea. Siku iliyofuata nikamkatalia. Nikamwambia mbele ya Mama Jeni kwamba sabuni ipo ila haiuzwi kwa waume wa watu waongo, aende akamchekee anayemfulia. Mama Jeni akaongeza lake, "Na amsalimie!"

Jioni ile alirudi. Alikuwa na kambale mrefu kama mkono wangu, bado anapumua, amemfunika kwa majani. Akamlaza juu ya kaunta yangu, juu ya mizani, akamfungua mdomo kwa kijiti. "Tazama mwenyewe," akasema. Ndani kulikuwa na ndoano, na kwenye ndoano kipande cha sabuni yangu, kimeanza kulainika. "Mke ninayempelekea sabuni ndiye huyu. Minyoo anaipenda kila samaki, wananimalizia. Sabuni anaifuata kambale peke yake, tena kwa harufu, hata maji yakiwa tope."

Sikujua. Nimezaliwa Kisarawe, nimeishi Kibaha, nimeolewa na mtu aliyependa kuvua, nimefika kidato cha nne, na sikujua kwamba kambale anakula sabuni. Mama Jeni alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshika midomo ya yule kambale na macho yangu yamejaa machozi, wala sijui ya nini. Nadhani ni kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa na beseni upande mmoja na mto upande mwingine, na kumbe kitu kilichokuwa mkononi mwangu kingeweza kunifikisha huko.

Aliponiomba twende wote siku ya kwanza, alitamka maneno yaleyale. "Mama Zuhura, leo twende wote." Nguo zilikuwepo, loweko zima. Nikaziacha kwenye beseni nikaenda.

Mwanangu, sikwenda kumsahau baba yako. Nataka ulielewe hili kuliko yote niliyoandika. Siku ile Kondo alinipeleka kwenye mabwawa yale, akanionyesha mahali bwawa linapokutana na mfereji, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia mimi, "Mkubwa hakai katikati. Anakaa mlangoni." Akanigeukia. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Mwanangu. Na yeye alifundishwa na baba yake." Kondo akavua kofia, akakaa chini kando yangu, hatukuvua kitu kwa muda mrefu. Nilimkuta baba yako pale, Zuhura. Nilichelewa miaka kumi, lakini nilimkuta, na aliyenipeleka alikaa kimya ili nimkute vizuri. Sasa mtu wa namna hiyo nisimpende nifanyeje?

Uvuvi wenyewe sijaujua. Kosa langu ni moja, navuta mapema. Samaki akigusa tu, mimi nimeshavuta. Kondo anasema, "Anaonja huyo, mwache. Akiondoka nacho ndiyo uvute." Siwezi. Jumapili hiyo nilivuta kwa nguvu zangu zote, ndoano ikanasa kofia yake, kofia ikarukia majini, naye akapiga kelele, "Huyo mkubwa huyo! Usimwachie!" Ndicho kilichokuwa kinanichekesha tulipoingia uani na wewe ukaniuliza swali lako. Ungenikuta nalia siku nyingine ungeuliza kwa upole. Lakini ulikuwa na haki ya kuuliza vile. Nilikunyima mto miaka yote, kisha nikauendea mwenyewe nikicheka, bila kukwambia hata neno moja. Hata kama ningekuwa mimi ningeuliza hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Jana nilipokuaga asubuhi nikasema nakwenda kununua bidhaa za duka, nilikwenda Kisarawe. Bibi yako nilimkuta anamenya muhogo.

"Shikamoo mama. Ule ufito upo?"

"Marahaba. Ufito gani?"

"Wa marehemu."

Akaniangalia. "Miaka yote unakuja hapa unakula muhogo wangu, hujauliza. Leo umeolewa na mvuvi ndiyo umeukumbuka?"

"Si wa kwake, mama. Ni wa Zuhura."

"Wa Zuhura tangu lini? Si ulisema ukae huko juu mpaka uoze?" Lakini alikuwa ameshasimama, anatafuta kigoda cha kupandia, mimi namzuia, yeye ananisukuma. Tukaushusha. Ulikuwa umeoza kweli. Mchwa waliula kwa ndani, nje unaonekana mzima, nilipoushika ukavunjika, vumbi likatumwagikia vichwani. Nilikaa pale sakafuni nikalia kama siku ya msiba. Bibi yako akanipangusa nywele kwa upindo wa kanga yake, kisha akasema, "Hiki hawakukila."

Ilikuwa ncha tu, kipande cha shubiri moja, mshipi umezungushwa juu yake vizuri kwa mkono wa baba yako, na mwisho wa mshipi lile boya dogo. Sijui kama unalikumbuka boya lile. Ndala zako nyekundu ulikataa kuziacha hata zilipokuwa ndogo, kisigino kinagusa chini, ukawa unalia zikitajwa tu. Baba yako akakuambia kwamba ndala hazitatupwa, zitakwenda kuvua kila Jumapili. Akakata boya kwenye ile ya kulia, akalitoboa kwa msumari wa moto. Harufu ya mpira ilijaa nyumba nzima, nikamgombeza. Lipo ndani ya kiatu chako. Rangi imepauka kidogo upande mmoja.

Leo asubuhi nililipeleka kwa Kondo nikamwomba afunge mshipi mpya na ndoano mpya, na ufito nikukatie mwingine, ukute kitu kizima. Alilishika, akaligeuza, akanirudishia. "Huu mshipi si wangu kuufunga," akasema. "Mpe hivyo hivyo." Nikamwambia ule mshipi umechakaa, hautashika hata dagaa. "Sawa," akasema. "Si wa kushika samaki huo."

Halafu, huku anachochea moto, hanitazami, akaniuliza, "Kesho ataniaga?"

Nikasema sijui. Na kweli sijui. Shikamoo yako unampa kila asubuhi, hujamvunjia heshima hata siku moja, na unaishia hapo. Siku ya ndoa ulikaa jikoni unamenya viazi tangu asubuhi mpaka watu wanaondoka. Sikuombi umwite baba. Baba yako anajulikana, na Kondo mwenyewe hawezi kulikubali jina hilo. Kesho atabeba ndoo yako mpaka stendi, kisha atakwenda kusimama kule kwenye kibanda cha matunda, ili tuagane mimi na wewe bila yeye kutuingilia. Ameshaniambia hivyo. Ukitaka kumpungia mkono, utamwona, ana ile kofia iliyozama. Usipotaka, panda basi lako kwa amani. Siwezi kukuvuta mwanangu. Nimekuvuta mapema mara nyingi, nimekupotezea mengi.

Lakini mimi niruhusu niombe langu moja. Ukirudi likizo, ukapumzika, ukala, ikafika Jumapili, utanikuta uani na beseni langu. Utakuwa na ufito mpya, utakata mwenyewe, maana unajua urefu alioupenda baba yako kuliko sisi wote. Mamba hawajaisha, tutakaa nyuma ya ule mti. Bado upo, nimeuona, umeota nyasi juu yake. Simama pale mlangoni uniambie twende wote. Uniambie wewe.

Nguo zitasubiri.

Mama yako,
Tatu